Sarafu za kale zenye kutu: kusafisha ni kutunza ama kuharibu?

Kibokoni Mjini: Salaam jamani. Kwenye kasha la marehemu bibi imetoka pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ile yenye picha ya mizani, 1299 ya Hijria, pamoja na rupia ya Mombasa ya 1888 imeingia weusi. Ile ya shaba ina unga wa kijani, naufuta leo baada ya siku mbili tatu umerudi. Nyumbani wote wasema tia ndimu na chumvi, jamaa mwengine asema ukiosha tu thamani kwisha. Lakini swali langu kubwa ni hili, madukani Old Town Mombasa naona sarafu zang'aa kama zimetoka kiwandani jana. Hao wauzaji watunza turathi zetu ama waziharibu?

Fundi Bondeni: Watunza. Ukwaju, jivu, kitambaa, basi. Masinia ya shaba ya kina bibi yamesuguliwa hivyo tangu hatujazaliwa na mpaka leo twalia pilau. Mtalii hanunui kitu kichafu bana.

Joji Sita: Sinia likipungua kidogo nani atajua? Sarafu uhai wake wote uko juu juu pale, maandishi na mizani, ukwaju ni asidi wala shaba na jivu lakwaruza, ukimaliza una kipande cha shaba chenye mng'aro wa rangi ya waridi ambao sarafu ya umri ule haiwi nao. Kampuni za Marekani zinazopima sarafu, PCGS na NGC, zikiona imesuguliwa hazikupi gredi ya kawaida, yaani daraja la ubora, zinaandika imesafishwa na bei inaporomoka. Watu wa pwani mmekalia hazina halafu mnaipaka ndimu kama samaki wa kukaanga.

Mama Shanga: Watu wa pwani ndio kina nani? Nauliza tu kwa sababu hizo sarafu zimefika leo mikononi mwa hao hao wa ndimu, hazikuletwa na gari la Nairobi. Nyanyangu aliolewa na mkufu wa reale za Maria Theresa, zimetobolewa zote, na hakuna aliyemuuliza gredi.

Joji Sita: Dadangu sijamtukana mtu, na mimi mwenyewe mzaliwa wa Likoni.

Chumvi Nyingi: Likoni sio kisiwani 😂 ndio maana hajui ukwaju

Joji Sita: Wewe kisiwa chenu bila feri na daraja mngekula nini?

Chumvi Nyingi: Samaki wa kukaanga si umesema mwenyewe

Ami wa Kuze: Tuacheni Likoni na kisiwa, mwenzenu ana mgonjwa. Kijani ni namna mbili. Kuna ile ngumu, imeshikana na shaba, imetulia, hiyo iache, ndiyo ngozi ya sarafu. Halafu kuna huo unga wa kijani mpauko unaorudi, hiyo ni kloraidi imeingia ndani, yaani chumvi, ikipata unyevu na hewa inatengeneza asidi, asidi yala shaba, inatoka kloraidi nyengine, mchezo hauishi mpaka sarafu iwe vumbi. Na hewa yetu hapa mwaijua. Sasa chumvi ndio ugonjwa wenyewe, nanyi mwamwambia mtu aiongeze na ndimu juu! Ile meli ya Wareno iliyozama 1697 mbele ya Fort Jesus ilipochimbuliwa miaka ya 70, kazi na vyuma vya baharini huanza kwa kuviloweka maji baridi muda mrefu chumvi itoke, hakuna anayeanza na jivu.

Fundi Bondeni: Ami nakuheshimu lakini hiyo ni ya makumbusho. Na fedha je? Shilingi za mfalme Joji wa Uingereza ni fedha tupu, chumvi haizigusi, nazitia karatasi ya aluminiamu na beking soda na maji moto, weusi wote waruka.

Joji Sita: Fedha tupu wapi? Shilingi ya Afrika Mashariki tangu 1921 ni fedha robo tu, nyingi ni shaba, na kuanzia 1948 hakuna fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Ukiitia asidi ile shaba ya juu inaliwa inabaki nyeupe ya uongo. Hapo ndipo watalii mnawaibia.

Fundi Bondeni: Mimi mwizi? Njoo dukani uniambie hivyo.

Mama Shanga: Huyu ameshatuita wapumbavu, sasa wezi.

Chumvi Nyingi: Wezi wenyewe ni wanaookota ufuoni. Si ile sarafu ya Mchina ilipatikana Mambrui, sasa iko wapi?

Ami wa Kuze: Ilikua Manda, 2013.

Chumvi Nyingi: Mambrui, ami, 2010.

Joji Sita: Zote mbili, na zote za mfalme Yongle wa Uchina. Na zilitolewa na watafiti, sio waokotaji. Sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006 yasema ukiokota kitu cha kale lazima utoe taarifa, na kukitoa nje ya nchi ni kwa kibali.

Mama Shanga: Haya, kwa hivyo kasha la bibi yake nalo ni la serikali? Mali tumerithi, twavaa, twauza, twasugua tukitaka. Mbona Wazungu walipozibeba hakuna aliyeomba kibali?

Fundi Bondeni: Mwambie mama! Na duka langu lina leseni.

Joji Sita: Leseni ya kuuza vinyago.

Kibokoni Mjini: Jamani shukran, duka na kibali mtamalizana. Ami, hayo maji ya kuloweka, ya chupa ya kunywa yafaa?

Ami wa Kuze: Hayafai, yana madini. Nunua maji safi ya betri pale petroli stesheni, soma chupa vizuri usije ukabeba asidi. Badilisha kila siku chache, halafu kausha kabisa, kabisa, kisha weka kwenye mkebe na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Usiweke kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC, inatoa ute wa kijani wake yenyewe. Unga ukirudi baada ya hapo mpelekee mtaalamu. Rupia usiiguse, weusi wake hauli kitu.

Fundi Bondeni: Hiyo rupia waiuza? Niandikie faragha, hata kama nyeusi.

Joji Sita: Si ulisema mtalii hanunui chafu?