Nyoka wawili tangi moja: niwatenganishe, au watazoeana?

Juma_Reading

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Niko Uingereza, mji wa Reading, nimepanga chumba kimoja. Tangu mwaka jana nafuga nyoka mmoja, wale wa Marekani ambao Wazungu huwaita nyoka wa mahindi. Hana sumu, ni wa rangi ya chungwa mwenye mabaka mekundu, na sasa amefika kama sentimita 90.

Wiki tatu zilizopita nilimchukua wa pili kwa kijana aliyekuwa anahama. Huyu ni mdogo, kama sentimita 60. Duka nilikomnunua wa kwanza waliniambia wawili hawana shida, tena watapeana kampani. Basi nikawaweka pamoja kwenye tangi la futi tatu, na kwa kweli nilifurahi, maana mchana kutwa wamelaliana ndani ya pango la upande wa joto kama ndugu wa tumbo moja.

Sasa wiki iliyopita niliwawekea panya wawili usiku, asubuhi nikakuta mmoja hajaguswa. Jumapili nikakuta panya ametapikwa kando ya bakuli la maji. Sijui nani hakula, wala nani katapika. Nafasi kwangu ni shida, tangi la pili litakalia meza ninayosomea. Je, niwatenganishe, au ni mambo ya mwanzo tu?

MamaRehema_Leicester

Marahaba mwanangu. Watenganishe leo hii, usingoje tangi. Nunua sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, litoboe matundu ubavuni kwa msumari uliopashwa moto, weka maranda, maji na kitu cha kujifichia, mkeka wa joto chini ya upande mmoja. Kwa huyo mdogo linatosha kabisa kwa sasa. Ukimaliza, ndipo urudi kusoma haya mengine.

Nafuga nyoka hao hao tangu 2011. Nilianza na wawili wa uzao mmoja, Shaba na Kito, na duka liliniambia maneno yale yale uliyoambiwa wewe. Wakakaa pamoja miezi kumi bila neno. Siku yangu ya kulisha ni Alhamisi jioni. Alhamisi moja nikatoa panya kwenye friza, nikawayeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, nikamshika wa kwanza kwa koleo nikampa Shaba. Simu ikaita sebuleni, nikaenda kuipokea. Niliporudi, Kito alikuwa amemng'ata panya yule yule upande wa mkia.

Nyoka akishaanza kumeza si rahisi aache. Meno yake yameelekea nyuma, na taya zinakwenda kwa zamu: upande wa kushoto unasogea mbele unashika, kisha wa kulia, kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani. Pua zao zikakutana katikati ya panya. Shaba alikuwa mkubwa, akaachama zaidi akaendelea. Nilipofunua kioo, kichwa cha Kito kilikuwa kimeshaingia hadi nyuma ya macho.

Niliwabeba wote kwa pamoja nikawapeleka chini ya bomba la maji baridi. Walikuwa wamejizungusha kwenye kiganja changu, na Kito alikuwa anabana kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Nikapaka dawa kidogo ya kusukutulia mdomo pembeni mwa taya la Shaba. Dakika kama tano hivi, akaachia. Kito alitoka hai, lakini taya la chini limekaa upande na macho yamekwaruzika. Daktari wa wanyama alijitahidi sana. Siku ya tisa akafa. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, na hawa wakitunzwa huishi miaka 15 hadi 20.

Sasa hilo la kulaliana. Hata mimi nililipiga picha nikawatumia dada zangu Tanga. Lakini jiulize, tangi lako lina mapango mangapi ya joto? Ni moja. Porini nyoka huyu huishi peke yake, hukutana na mwenzake wakati wa kupandana, kisha kila mmoja na njia yake. Ndani ya tangi mahali panapofaa ni hapo tu penye nyuzi 30 hivi, na wote wawili wanapahitaji. Mkubwa analala juu, mdogo anabanwa chini au anasukumwa upande wa baridi. Nyoka joto la mwili analipata nje, na bila joto chakula hakisagiki. Panya anaanza kuoza tumboni, ndipo anapotapikwa. Huenda yule nyoka mdogo alikula akakosa pa kuota joto, au yule mkubwa ana wasiwasi. Ukiwa na wawili hutajua kamwe, na nyoka hana sauti ya kukuambia.

Kwa hiyo baada ya kuwatenganisha, wote wawili usiwashikeshike na usiwape chakula siku 10 hadi 14. Maji yawepo muda wote. Kisha anza na panya mdogo kuliko wa kawaida. Wapime uzito kwa mizani ya jikoni kila wiki, uandike.

Jambo jingine: huyo wa pili hakupita karantini. Mgeni hukaa chumba kingine ikiwezekana, siku 90. Angalia chini ya kidevu na ndani ya bakuli la maji kama kuna vidoa vyeusi vinavyotembea. Huo ni utitiri, unanyonya damu, na ukiuona kwa mmoja jua wote wanao. Je, jinsia zao unazijua? Jike akipandwa kabla hajakomaa anaweza kukwama mayai yakamuua.

Bahati_Winnipeg

Mama Rehema, pole kwa Kito. Naomba kuuliza kwa nia njema. Mimi niko Kanada, na kaskazini ya mji wetu kuna mahali panaitwa Narcisse. Kila mwaka mwishoni mwa Aprili na Mei nyoka wenye mistari hutoka mashimoni kwa makumi ya maelfu, wamerundikana hadi huoni ardhi. Nimekwenda na watoto, nimeona kwa macho yangu. Hao si wanaishi pamoja?

MamaRehema_Leicester

Asante baba. Ni kweli, na nyoka hao ni aina nyingine kabisa. Huko kwenu ardhi inaganda chini sana, na mapango ya mawe ya chokaa yanayofika chini ya barafu ni machache, ndiyo maana wanakusanyika. Wakishapandana wanatawanyika kwenda kwenye mabwawa, kiangazi chote kila mmoja anawinda vyura peke yake. Wafugaji wengi huwaweka hao kwa makundi na wanastahimili. Lakini hata wao, siku ya chakula humtenga kila mmoja, kwa sababu hiyo hiyo niliyoieleza. Wa Juma si hao.

Katana_Malindi

Niliwahi kufanya kazi bustani ya nyoka hapa pwani. Fira kila mmoja alikuwa na sanduku lake, nje kadi ya tarehe aliyokula na tarehe aliyojivua gamba. Fira hula nyoka wenzake, hapo hakuna mjadala. Na kwa Wakenya wanaosoma hapa: usiokote nyoka shambani ukamfanya wako. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali, na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawana mchezo na hilo.

Juma_Reading

Mama, nashukuru sana. Usiku ule ule nilimhamisha mdogo kwenye sanduku. Utitiri sijauona. Wiki ya kwanza mizani ilisoma gramu 68 kwa mdogo na 240 kwa mkubwa. Jana, siku ya 13, niliwapa panya wadogo. Mkubwa alikula papo hapo. Mdogo alimzunguka panya karibu saa nzima, akamgusa kwa ulimi, akarudi pangoni, akatoka tena, mwishowe akameza. Leo asubuhi yupo juu ya mkeka, tumbo limevimba vizuri, hajatapika.

Kuhusu nafasi, mwenye nyumba ameniruhusu kufunga rafu juu ya meza. Naweza kutumia themostati moja, kile kifaa cha kudhibiti joto, kwa mikeka yote miwili?

MamaRehema_Leicester

Alhamdulillahi. Hapana, kila mkeka na themostati yake, na kihisio ukibandike juu ya mkeka wenyewe, si ukutani. Tangi la mkubwa likae chini, lina uzito. Na mfuniko wa lile sanduku uufunge kwa vibanio pande zote nne, maana wa sentimita 60 anapita penye upenyo wa kidole.