Fundi wa esii kaangusha sahani za bibi: ni nani wa kulipa?

Bint Kuze
Assalaam aleikum. Nataka rai zenu kabla sijagombana na watu. Mamangu alinunua esii, mashine ya kupoza hewa, kwenye duka moja hapa Mombasa, akaambiwa kufungiwa ni bure. Jumamosi wakaja fundi na msaidizi wake. Nyumba yetu ni ya mawe ya zamani, kuta nene. Fundi akatia drili chumbani kwa mama kutoboa tundu la bomba. Upande wa pili wa ukuta huo ni ukumbi, na ukumbini kuna rafu ya sahani za bibi, mamake mama. Ukuta ukatetema, plasta ya chokaa ikamomonyoka, misumari ikalegea, rafu ikaja chini. Sahani nane, sita zimekwisha. Fundi asema ni ajali, kudra ya Mungu. Duka lasema fundi si wao, ni "wa kuitwa". Mie nimezuia elfu tatu alizokuwa akidai za bomba la ziada. Nimekosa?

Nyundo ya Mikindani
Wa aleikum salaam dada. Mie fundi, miaka kumi na saba. Pole kwa hasara, lakini elfu tatu mpe. Bomba kalitoa mfukoni mwake. Mtume katwambia mlipe mtu ujira wake kabla jasho halijakauka. Sahani ni kesi nyengine. Na hata hizo, fundi yuko chumbani, rafu iko ukumbini, angeionaje? Aliyejua kuna rafu nyuma ya ukuta ni nani? Ni mwenye nyumba.

Chepukizi wa Tudor
Miaka kumi na saba na hujui ukuta wa chokaa hauendewi na drili ya kugonga? Huo si ufundi, ni bahati nasibu.

Nyundo ya Mikindani
Nani kakwambia mie ndiye niliyetoboa? Na drili ya kugonga waweza kuizima kule kugonga ikazunguka tu, hilo pia hulijui. Ukuta wa matumbawe huna habari nao mpaka utie biti. Juu chokaa laini, ndani mara jiwe, mara boriti, mara shimo tupu. Nishatoboa Makadara biti ikazama yote kama natoboa mkate wa sinia. Usikae chini ya feni ukamsema mtu aliye juu ya ngazi.

Chepukizi wa Tudor
Feni yangu yahusu nini hapa?

Kaka Wakili
Jamani, mambo ni mawili. Kwanza, sheria haimlipishi mtu kwa kuwa tu kitu kimevunjika akiwepo. Yataka uoneshe uzembe, kwamba hakufanya ambalo fundi mwangalifu angelifanya, mfano kuuliza "nyuma ya ukuta huu kuna nini?" kabla ya kutoboa. Pili, duka ndilo lililouza, likaahidi kufunga, likamchagua fundi. Huko kumwita "wa kuitwa" ni baina yao na yeye. Wewe uliyeahidiana naye ni duka. Enda Mahakama ya Madai Madogo, wakili si lazima, mwisho wao ni laki mbili.

Jirani wa Bamburi
Mimi swali langu ni moja tu. Sahani za kutundika ukutani ni za nini? Kwetu sahani inakaa jikoni, unakulia, unaosha, ikivunjika unanunua ingine Kongowea. Watu wanaanika vyombo halafu wanataka fundi maskini alipe urembo.

Bint Kuze
UREMBO? Ile kubwa kati ya hizo ndiyo babu aliyokuwa akiwaandikia watu kombe. Kwa zafarani, aya baada ya aya, hadi ukingoni. Kisha zaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anywa. Nusu ya mtaa wetu wamenywa kutoka sahani ile. Usilolijua uliza.

Jirani wa Bamburi
Kombe ninayoijua ni ya mpira. Lakini sawa, pole. Hiyo ni moja. Na zile tano?

Shangazi Sega
Zile tano ni heshima ya nyumba, mwanangu. Nyumba za kwetu zilijengwa na zidaka ukuta mzima, mahali pa vyombo pafikiriwa kabla ya mahali pa kulala. Hata makaburi yalipambwa. Enda Mambrui uitizame ile nguzo ya kaburi ilivyopachikwa mabakuli ya Kichina. Bint, za bibiyo zilikuwa za Kichina?

Bint Kuze
Naam shangazi. Bibi alisema za Kichina, kaachiwa na mamake.

Kale ni Dhahabu
Kila bibi husema za Kichina. Nyingi nilizozishika mie, ukizipindua zina mhuri wa Maastricht, Uholanzi. Kiwanda cha Petrus Regout kilizileta sana pwani hii kuanzia karne ya 19, mhuri wake una picha ya sphinx, yule simba mwenye kichwa cha mtu. Za maua ya rangi kali, sivyo?

Bint Kuze
Zina maua, ndiyo.

Chepukizi wa Tudor
Kwa hivyo bibi katudanganya miaka yote hiyo.

Shangazi Sega
Wewe kijana, bibi wa mwenzio kalala kaburini. Chunga ulimi.

Chepukizi wa Tudor
Kumradhi shangazi. Nilikuwa nauliza tu, Uholanzi na Uchina si karibu.

Hifadhi Yetu
Na kibali je? Kuze ni Mji wa Kale, eneo la hifadhi, kuna ofisi ya Makumbusho ya kuulizwa kabla hujagusa nyumba. Maboksi ya esii yaning'inia juu ya milango ya nakshi kama kupe.

Bint Kuze
Boksi liko ua wa nyuma. Halionwi na mtu ila paka.

Hifadhi Yetu
Sikuuliza habari za paka.

Mzee wa Barazani
Mumeacha suala mwakimbizana na paka. Wanazuoni washalizungumza hili. Imepokewa kuwa Sayyidna Ali akiwadhaminisha mafundi mali za watu, yaani kikiharibika walipe, akisema watu hawatengenei ila kwa hilo. Lakini kwa madhehebu yetu ya Shafi, fundi uliyemleta nyumbani mwako hadhamini kile ulichompa akifanyie kazi, ila awe amepita mpaka.

Chepukizi wa Tudor
Mzee, umesema "ulichompa akifanyie kazi". Sahani hakupewa. Alipewa ukuta.

Mzee wa Barazani
Ahsante kijana, leo umenena. Ukiharibu mali ya mtu kwa mkono wako walipa, hata kama hukukusudia. Lakini mkono wake ulikuwa ukutani, haukuwa kwenye rafu. Hapo ndipo penye maneno.

Nyundo ya Mikindani
Hapo ndipo niliposema mie tangu mwanzo, hakuna aliyenijibu! Mukaenda Uholanzi.

Jirani wa Bamburi
Halafu Kaka Wakili, laki mbili ni sheria ya 2016 vile ilitoka. Ilibadilishwa 2020, sasa ni milioni moja. Mimi nilipeleka landilodi huko kwa sababu ya dipoziti yangu.

Chepukizi wa Tudor
Wakili kasahihishwa na mtu wa kombe la mpira 😂

Kaka Wakili
Haya, milioni moja. Hoja haibadiliki, na kesi zao zatakiwa ziishe ndani ya siku 60. Bint, la maana kuliko yote haya: vigae vya sahani umeviweka? Picha je? Bila mhuri wa nyuma utaliambia duka sahani zilikuwa za shilingi ngapi?

Bint Kuze
Sikutaka kulisema hili. Vigae hakuna. Mie nilikuwa kazini. Mama asema fundi alitokea ukumbini, drili ingali mkononi, akatizama chini, hakusema pole. Kisha yule msaidizi akaomba ufagio. Akafagia ukumbi vizuri sana, sahani na vifusi vya ukuta pamoja, vyote ndani ya mfuko mtupu wa simiti, akashuka nao hadi jaani. Mama alikuwa kakaa kitini amtizama, asema sauti ilimkataa. Nilipofika Magharibi nikaenda jaani na tochi ya simu. Gari la taka lilikuwa lishapita. Pesa mama hajazitaja hata siku moja. Asema tu, "si wangeniachia vile vipande."

Shangazi Sega
Ya Rabbi. Mpe mamako salamu zangu.

Nyundo ya Mikindani
Dada, sisi tukifunzwa kazi, la kwanza twaambiwa usitoke nyumba ya mtu ila umefagia. Yule kijana kafanya alilofunzwa. Lakini fundi wake alitakiwa aseme pole, na hapo mie simtetei.

Jirani wa Bamburi
Nimekosa kwa ile ya urembo. Siulizi tena.

Kale ni Dhahabu
Zimebaki mbili, sivyo? Zipindue, utizame nyuma. Bei ya hizo yaweza kukusaidia kudai za zile sita.

Bint Kuze
Ngojeni.

Bint Kuze
Moja haina kitu. Ya pili ina herufi za kizungu zimefutika. Naona M, kisha A mbili, na mwisho "icht". Msimwambie mama.

Shangazi Sega
Hatumwambii.

Nyundo ya Mikindani
Na zile elfu tatu je?