Wadau, "did not came" ina kosa gani?

Soja_wa_Geti: Habari zenu. Nalinda geti la ploti moja huku Kilimani, na kabla ya kukabidhi zamu lazima nijaze OB, yaani daftari la matukio, kwa Kiingereza. Jana niliandika: "The water lorry did not came. Caretaker goed to ask." Supavaisa akazungushia kalamu nyekundu mara mbili mbele ya wenzangu, akacheka, akaenda zake. Najua wakati uliopita huongezwa -ed. Sasa nimekosea wapi?

Mama Tuisheni: Pole kaka. Hilo la "did not came" huwanasa hata wenye digrii. Angalia Kiswahili chako: lori lilikuja. Ukikanusha husemi "halilikuja", unasema "halikuja". -Li- ya wakati uliopita imeondoka (iliyobaki ni ya lori), -ku- imeshika zamu. Kwa Kiingereza anayeshika zamu ni "did". Akishaingia, kitenzi kinarudi kilivyozaliwa: "did not come". Kuuliza ni hivyo hivyo: "Did it come?"

Kijana wa Umoja: Na "goed" usione haya, hata watoto wa Waingereza huisema wakijifunza kuongea. Ni "went". Zamani ilikuwa ya kitenzi kingine, "wend", ikahamia kwa "go". Hizo zisizofuata -ed ni za kukariri tu. Anza na za getini: came, left, saw, brought, took, paid.

Mama Tuisheni: Za -ed pia zina vituko. "Stop" inaongeza p, "stopped". "Carry" inakuwa "carried". Na ukimsomea supavaisa, "locked" ni "lokt", si "lokedi". Ile -ed husikika kama "-id" baada ya t au d tu, mfano "reported".

Dereva Mstaafu: Mimi nilikuwa naponzwa na -me-. Mtu anawaza "amekuja jana", anaandika "has come yesterday". Ukitaja jana au saa, andika "came". Halafu saa tatu usiku ni 9 p.m., jamani! Nimeona OB ikisema wezi waliingia saa 3 p.m. mchana kweupe.

Soja_wa_Geti: 😂😂 Hiyo ya saa nimeifanya wiki nzima. Asanteni sana. Moja la mwisho: fundi wa stima alikata waya. Ni "cutted"?

Kijana wa Umoja: "Cut", jana na leo. Kama "put". Na geti pia, "I shut the gate".

Soja_wa_Geti: Basi hiyo ya geti nitaitumia kila siku.