Polo la mkaa halinifikishi wiki mbili, nipunguze vipi?

Mama Mbaazi, Wete
Assalamu alaykum. Napika mbaazi za kuuza asubuhi, na mkaa unaniishia mbio. Juzi nilikwenda msibani Micheweni, nikapita pale tulipokuwa tukiokota kombe utotoni. Mikoko hamna, visiki tu, na tope limepasuka kwa jua. Imeniuma sana, maana na mie ni mnunuzi wa mkaa. Gesi nachemshia chai tu, kujaza mtungi pesa inatoka kwa mkupuo. Wenzangu mnafanyaje?

Bi Mkubwa wa Mkoani
Waalaykum salaam mwanangu. Mie mbaazi nimepika miaka 19. Zamani nikizipandisha kavu baada ya isha, nachochea hadi usiku wa manane. Siku hizi nazirowesha tangu alasiri. Maji yale namwaga, natia mengine, nafunika sufuria na jiwe juu ya mfuniko. Zikishatokota natoa nusu ya makaa, zinaiva taratibu, tui mwisho. Makaa yaliyobaki nayatia kwenye debe lenye kifuniko yazimike yenyewe. Usiyamwagie maji, kesho yanawaka tena. Polo langu sasa linakaribia mwezi.

Na ujue, kwenye tanuri la udongo kilo 1 ya mkaa hula kilo 6 za kuni, pengine zaidi. Kila kopo unalobakisha lina mti nyuma yake.

Tazama na seredani yako ndani. Ikiwa na ufa, moto unapotea bure.

Mkwezi
Vifuu msitupe! Kifuu kikavu kina moto mkali. Kumbi lina moshi, hilo liwashe uani.

Kijana wa Chwaka
Kuhusu Micheweni, mikoko inarudi dada. Okoteni yale matunda marefu yaliyoanguka, chomekeni ncha chini, theluthi moja ndani ya tope. Sisi mwaka wa kwanza tulipanda kwenye mchanga, bahari ikachukua yote. Pandeni palipokuwa na mikoko tangu zamani. Na anayejenga aulize boriti zimetoka wapi. Mivinje ya kupandwa ipo.

Mama Mbaazi, Wete
Ahsanteni sana. Mbaazi ziko majini. Seredani nimeigeuza, ina ufa unaoingia kidole. Nikandike kwa udongo gani?

Bi Mkubwa wa Mkoani
Wa kichuguu, uchanganye na majivu. Uache ukauke kivulini, si juani.