Kwa gari kutoka Portland mwezi wa saba: Québec au Montréal? Nina mama mkwe na watoto watatu

MamaWaTatu_Maine

Wapendwa, habari za huko mliko. Naomba ushauri kwa waliokwisha kupita njia hii.

Mume wangu amepata likizo wiki ya pili ya Julai, tuna siku nne. Tunatoka Portland, Maine, hapa Marekani, kwa gari letu. Watoto wana miaka 14, 11 na 6. Tunaye pia mama mkwe wangu, ana miaka 71, goti moja linamsumbua, na yeye ndiye sababu ya safari yenyewe.

Mama alifundisha shule ya msingi Bukavu, Kongo, kwa miaka mingi, kwa Kifaransa. Tangu afike Maine, kila mahali anasemewa. Kwa daktari namsemea mimi, dukani anamsemea mjukuu wake wa miaka 11. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa la watoto hamsini leo anangoja mtoto amuulizie bei ya viazi. Inaniuma. Nataka siku nne aseme mwenyewe.

Kwa hiyo ni jimbo la Québec, Kanada, wanakosema Kifaransa, hilo limekwisha. Swali ni mji gani: Québec wenyewe au Montréal? Mkubwa wangu anataja pia Ottawa, anataka kuona Bunge. Kwa mwendo yote naona kama inalingana, ila sijui kwa mzee na mtoto mdogo kipi kinafaa zaidi.

Dereva_Lewiston

Dada, nimepeleka familia yangu kote kuwili. Kwa hali yenu, nendeni Québec.

Njia ni rahisi: panda barabara kuu ya 95, ingia 201 kupitia Skowhegan, Bingham na Jackman, vuka mpaka pale Armstrong, halafu shika 73 kutoka Saint-Georges mpaka mjini. Bila kusimama ni saa tano hivi. Montréal nako ni kama saa tano kupitia New Hampshire na Vermont, ila saa ya mwisho unaimaliza kwenye foleni, katikati ya matengenezo ya barabara yasiyoisha.

Jambo moja nakuomba ulishike: hiyo 201 msiipite usiku. Kule kuna moose wengi, yule mnyama wa jamii ya kulungu lakini mrefu kuliko farasi. Rangi yake ni ya giza, na kimo chake kinafanya taa za gari zimulike miguu tu, macho yako juu hayang'ai. Ukimgonga, gari linakata miguu na mwili wote unakuja kwenye kioo. Mimi nilimwona mmoja karibu na The Forks saa mbili usiku, amesimama katikati ya lami kama mti. Nilisimama mita chache kutoka kwake, na mikono ilinitetemeka mpaka Jackman. Ondokeni asubuhi.

Ukivuka mpaka, kibao cha 100 ni kilomita, sawa na maili 62. Na kama gari lina kile kifaa cha kunusa rada ya polisi, kiacheni nyumbani. Kwenye jimbo la Québec ni marufuku, hata kikiwa kimezimwa.

BintiTanga_MTL

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi naishi Montréal mwaka wa tisa sasa, kwa hiyo nitautetea mji wangu, na nina sababu.

Wiki hiyo ya pili ya Julai kwa kawaida tamasha la Nuits d'Afrique huwa limeanza au linakaribia. Lipo tangu 1987, na siku zake za mwisho kuna muziki wa bure nje, katikati ya mji. Jumapili kuna ngoma chini ya mlima wa Mont-Royal, watu wanakuja na ngoma zao tu na kupiga mpaka jua lizame. Soko la Jean-Talon liko wazi tangu 1933, unaonjeshwa matunda kabla hujanunua. Na Wakongo hapa ni wengi. Mama atakula sombe, yaani kisamvu, na bugali mgahawani mezani, ataongea Kifaransa sokoni na Kiswahili kanisani. Québec hampati hayo kwa wingi huo.

Kwa watoto: Biodôme ina misitu na wanyama ndani ya jengo moja, pembeni mwa Uwanja wa Olimpiki. Uwanja ule mimi sipiti bila kukumbuka habari ya 1976. Tanzania iliongoza wito wa kususia michezo ile kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu, na nchi nyingi za Afrika zikajiondoa. Filbert Bayi alikuwa ameshikilia rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu 1974 kule Christchurch. Dunia nzima ilingoja akutane na John Walker wa New Zealand. Bayi hakukimbia, Walker akachukua dhahabu. Mwonyesheni mkubwa wenu uwanja huo na mumweleze. Ni historia yetu iliyosimama katika nchi ya watu.

Jirani_wa_Gatineau

Nami niseme la Ottawa kwa ufupi. Ni mji mtulivu, mfereji wa Rideau ni mzuri, na jumba la makumbusho ya historia upande wa Gatineau watoto watalipenda. Ila jengo kuu la Bunge limefungwa kwa ukarabati tangu 2019, litakaa hivyo miaka. Kwa siku nne kutoka Portland ni mbali. Lihifadhini kwa safari nyingine.

Dereva_Lewiston

BintiTanga, yote uliyosema ni kweli, sikatai. Lakini umewahi kuegesha gari la watu sita Montréal? Vibao vya maegesho vitatu juu ya mlingoti mmoja, kila kimoja na saa zake na siku zake. Nililipa faini siku ya kwanza. Na kisiwani Montréal huruhusiwi kukata kulia taa ikiwa nyekundu, sisi wa Maine tumezoea kukata.

BintiTanga_MTL

Hapo umenishika. Gari hapa mtu analiweka mahali na kulisahau, anatumia metro, treni ya chini ya ardhi. Na nikiwa mkweli kwa ajili ya goti la mama: si vituo vyote vya metro vina lifti. Vingine ni ngazi mpaka juu.

Mwanafunzi_Laval

Mama, mimi ni Mrundi, nasoma Chuo Kikuu cha Laval hapa Québec. Niruhusu nieleze mji wenyewe, kwa sababu kaka ametaja barabara tu.

Québec ni mji wa kilima, nisikufiche. Sehemu ya juu ina ukuta wa ngome, na ndio mji pekee kaskazini mwa Meksiko ambao kuta zake bado zimesimama. Sehemu ya chini iko mtoni, pale Mfaransa Champlain alipoanzisha makao 1608. Ngazi kati ya chini na juu zinaitwa Escalier Casse-Cou, yaani ngazi za kuvunja shingo, na jina limestahili. Mama asizipande. Kuna behewa dogo linalopanda kwa reli kandokando ya jabali, linafanya kazi hiyo tangu 1879, na linamfikisha mpaka Terrasse Dufferin, mbele ya hoteli kubwa ya Château Frontenac. Pale ni mbao tambarare, mabenchi, upepo wa mto, na wapiga muziki wa mitaani. Anaweza kukaa nusu siku akiangalia meli.

Tatizo lenu ni tarehe. Wiki ya pili ya Julai ni tamasha kubwa la Festival d'été, jukwaa liko kwenye uwanda wa Abraham na hoteli za mjini zinajaa na kupanda bei. Fanyeni hivi: laleni Lévis, ng'ambo ya mto. Gari libaki huko hotelini. Asubuhi pandeni kivuko kwa miguu, ni dakika kumi na kidogo, kinawashusha mlangoni mwa mji wa chini. Hakuna maegesho, hakuna foleni. Na jioni mkirudi, mnaona mji mzima umewaka taa juu ya jabali. Wageni hulipa pesa nyingi kwa safari ya mashua ili waone kitu hicho hicho.

Siku ya gari itumieni kwa maporomoko ya Montmorency na Île d'Orléans, viko jirani. Maporomoko yana mita 83, marefu kuliko Niagara. Kuna ngazi karibu mia tano kwa wenye miguu, na kuna gari la waya kwa mama. Kisiwani mnavuka daraja na kuzunguka barabara moja tu, kilomita 67 hivi, vijiji sita, nyumba za mawe za zamani, na mwezi wa saba ni stroberi kila kona. Mashamba mengine yanaruhusu mjichumie.

Kama likizo ingekuwa mwisho wa Julai ningewaambia msije kabisa. Wiki mbili za mwisho mafundi wa ujenzi wa jimbo zima wanapewa likizo pamoja, na kila kitanda kinakuwa na mtu.

MamaWaTatu_Maine

Mdogo wangu, Mungu akubariki. Hilo la kivuko sikulijua. Na je, makaratasi? Sisi wote tuna green card, kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, na pasipoti za Kongo.

Mzee_wa_Uvira

Binti yangu, mwenye green card hai na pasipoti hai hahitaji viza ya Kanada. Lakini zote mbili ziwe mkononi na tarehe zisiwe zimepita. Pasipoti yetu inachukua muda kutoka, angalia leo, usingoje Juni. Kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja tu, awe na barua ya mzazi mwingine. Chakula mlichobeba kitajeni, na kuni msibebe.

Na niseme neno kwa wengine mnaosoma, maana Maine tuko wengi. Kama ombi lako la hifadhi Marekani halijaamuliwa, usivuke mpaka huu kwa matembezi. Ukitoka bila kibali cha awali cha kurudi, wanaweza kuhesabu kuwa umeliacha ombi lako. Nimeona familia ikilia kwa jambo hili. Zungumza na wakili kwanza, hata kama ni siku moja tu.

MamaWaTatu_Maine

Asante, baba. Tumekata shauri: Québec, na tutalala Lévis. BintiTanga usikasirike, Montréal itakuwa mwakani, tukiwa na wiki nzima.

BintiTanga_MTL

Sikasiriki. Leta sufuria kubwa, sombe nitakuwa nayo.

MamaWaTatu_Maine (mwezi wa nane)

Tumerudi, na niliahidi kusimulia.

Kivuko kilikuwa jambo bora la safari. Tulikivuka mara sita, na mtoto wa mwisho alilia siku tulipoacha kukipanda. Montmorency mvua ilitukuta, na daraja la kuning'inia juu ya maji mume wangu alilivuka na wakubwa wawili tu, mimi na mama tulikaa chini tukapata rasharasha ya maporomoko usoni. Gari la waya lilikuwa na foleni ya kama nusu saa, kwa hiyo fikeni mapema.

Lakini niwasimulie Île d'Orléans. Tulisimama kwenye kibanda cha stroberi kando ya barabara. Mume wangu akatoa mkono na pochi kama kawaida yake. Mama akamzuia, akasogea mwenyewe. Msichana muuzaji, hajafika miaka ishirini, akataja bei: *neuf et quatre-vingt-dix*. Dola tisa na senti tisini, ila tisini yao neno kwa neno ni "nne-ishirini-kumi". Mama akamtazama kama anayetazama daftari, akasema, "*Neuf nonante*." Msichana hakuelewa. Mama akamweleza polepole kwamba kwetu Kongo, kama Ubelgiji, sabini ni *septante* na tisini ni *nonante*, na kwamba kwa mtoto wa darasa la pili hesabu hiyo ni nyepesi zaidi. Msichana akageuka akamwita mama yake aliyekuwa nyuma akipanga makasha. Wakasimama wote watatu, sijui dakika ngapi, wakiongea mvua, mbolea, na kwa nini stroberi za mwaka huu ni ndogo. Lafudhi ya pale ni nzito, mama alikuwa anaomba warudie, nao wanarudia. Sisi watano tulikaa garini tunakula stroberi zenye joto la jua, hakuna aliyemharakisha.

Siku ya kuondoka tuliamka tukakuta kitanda chake kitupu. Tulimpata chini mapokezi. Alikuwa amekwisha kumuuliza mhudumu hali ya barabara, na mkononi ana karatasi ya hoteli, ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, mistari imenyooka: 73, Saint-Georges, Armstrong, Jackman. Chini ameongeza: tutoke kabla ya saa tatu, kwa ajili ya wanyama.

Alikaa kiti cha mbele njia nzima, karatasi mapajani.