Adeniamu, sansevieria au kaktasi za duara: ipi niongeze barazani, Dar?

Mwenye_Baraza (Dar es Salaam)
Wakuu, habari za jioni. Nina baraza inayotazama magharibi, jua linaingia tangu saa saba mchana mpaka linapozama. Nimekusanya mimea inayohifadhi maji mwilini mpaka nafasi imeanza kuwa finyu. Ninayoipenda zaidi ni adeniamu, lile waridi la jangwani, kwa sababu ya shina lake lililovimba chini na maua ya waridi yanayotoka hata kabla ya majani. Nina sansevieria, ule mmea wa majani magumu yaliyosimama wima, zile ndefu zenye mistari, mshubiri wa dawa, na ile Euphorbia milii ya miiba na maua mekundu inayopandwa getini karibu kila mtaa.

Sasa kitalu kimoja huku kwetu kimeleta kaktasi za duara zenye miiba ya dhahabu. Nzuri kweli, ila bei imechangamka. Nyinyi wenye makusanyo, mnapenda ipi, na mkilinganisha na hizi za kwetu, ingefaa niichukue?

Bi_Zam (Mombasa)
Kwangu mimi adeniamu haina mpinzani. Ni mmea wa hapa hapa, nyika ya Tsavo inao, hivyo joto la Pwani haliushtui. Kinachouua ni maji kutuama kwenye mizizi. Masika yakianza, vyungu vyote navisogeza chini ya paa na simwagilii mpaka udongo ukauke hadi chini.

Bonyeza shina kwa kidole gumba, pale linapokutana na udongo. Likiwa gumu kama kiazi kibichi, ondoka zako. Likibonyea, usingoje kesho: ng'oa, futa kisu kwa spiriti, kata sehemu iliyooza mpaka ukutane na nyama nyeupe isiyo na alama yoyote ya kahawia. Liache kivulini kidonda kikauke kabisa, ndipo upande upya kwenye mchanga wa mto.

Na mchunguze kiwavi. Kuna mmoja mkubwa wa kijani, karibu na kichwa ana madoa mawili ya buluu yanayofanana na macho. Ukilala ameingia, ukiamka matawi yako uchi. Mtoe kwa mkono, dawa haina haja. Ila utomvu wa adeniamu ni sumu kali, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huutumia kwenye mishale. Kama una watoto wadogo au mbuzi, weka juu.

Miiba_Dom (Dodoma)
Bi Zam nakuheshimu, ila kaktasi usizitupe kirahisi hivyo. Hiyo ya duara ni Echinocactus grusonii, asili yake Meksiko. Hapa Dodoma tunakaa kavu kuanzia Mei hadi Novemba, na zangu ziko nje, zimenenepa zenyewe. Asubuhi jua likipita kwenye ile miiba, nasimama na chai mpaka inapoa.

Kwa Dar ndugu yangu, hesabu ni nyingine. Joto si tatizo, tatizo ni unyevu wa hewa na mvua mbili kwa mwaka. Ukiichukua, nunua chungu cha udongo kisichopakwa rangi, maana kinapumua, na mchanganyiko uwe kokoto ndogo na mchanga wa mto kwa wingi, samadi iliyooza kidogo tu. Udongo mweusi wa kitalu unaokuja nao kwenye kifuko uondoe wote. Huo unashika maji kwa wiki nzima.

Jambo la pili, kagua unachouziwa. Euphorbia nyingi zinauzwa kwa jina la kaktasi. Kaktasi halisi ina vidoa vya manyoya, na miiba inachipuka kwenye hivyo vidoa. Euphorbia haina, na ukiidunga inatoa maziwa meupe. Maziwa hayo yakiingia jichoni ni hospitali, kwa hiyo vaa miwani unapopogoa hata hiyo ya getini.

Zile ndogo zenye kichwa chekundu au cha njano, mimi sinunui. Kichwa hakina klorofili, ile rangi ya kijani inayotengeneza chakula cha mmea, kimepachikwa juu ya kaktasi nyingine inayokilisha. Baada ya miaka michache vinashindwana na unabaki na kisiki.

Nyika_Laikipia (Nanyuki)
Nakuunga mkono kuhusu udongo. Ila wadau, kuna kaktasi moja msiilete nyumbani hata kwa zawadi: mpungate wa majani bapa, Opuntia. Huku umemeza malisho. Tembo na nyani wanakula matunda na kusambaza mbegu, mifugo inaumia mdomo kwa vile vijimiiba. Mwaka 2014 aliletwa mdudu anayefyonza mpungate ili kuupunguza, yule mwenye ungaunga mweupe, na bado kazi ni kubwa. Kipande kimoja kikianguka chini kinaota. Ukishachoka nao ukautupa jalalani, umeupanda.

Kipenzi changu ni Sansevieria pinguicula, ya kwetu Kenya. Majani yake manene yamekaa kwa duara kama petali za waridi, na inasimama juu ya mizizi yake hewani utadhani inatembea. Inakua polepole mno, kwa hiyo ukiona kubwa inauzwa bei ya chini, uliza imetoka wapi. Zile ndefu za mistari za Mwenye_Baraza asili yake ni Afrika Magharibi, na wengi hawajui kwamba Kenya na Tanzania zina sansevieria za porini chungu nzima.

Binti_Muscat (Muscat)
Salaam kutoka Oman. Adeniamu ni ya huku pia, kule Dhofar, kusini mwa nchi, inaota milimani. Ninachotaka kumwambia kaka ni hilo jua la alasiri. Ukuta unaotazama magharibi unahifadhi joto hadi usiku, na chungu cha plastiki cheusi kinachemsha mizizi. Hapa kiangazi hata adeniamu naziwekea kivuli cha neti mchana. Kaktasi ya duara iliyotoka kivulini kitaluni ikiwekwa ghafla kwenye jua hilo inaungua upande mmoja, na kovu la njano halifutiki maisha yake yote. Izoeshe kidogo kidogo, na usiisogeze karibu na ukuta.

Mwenye_Baraza
Nashukuru sana. Kaktasi nitachukua moja ndogo, ikae chini ya paa kabisa, na nafasi iliyobaki naipa adeniamu. Bi Zam, nikuze kwa tawi au kwa mbegu? Na kwa ile kona isiyopata jua?

Bi_Zam
Mbegu, mwanangu. Tawi linaota lakini shina halinenepi vizuri. Ganda lake ni pacha, kama pembe mbili. Likianza kugeuka kahawia lifunge kwa uzi, kwani likipasuka mbegu zinaruka na upepo, zina manyoya pande zote mbili. Panda zikiwa mbichi, zimelala, umezifunika kwa mchanga kiasi cha kutoonekana tu.

Ile kona weka Zamioculcas. Vitalu vinauza ghali kama kitu cha Ulaya, na ni mmea wa pwani yetu, Unguja nako uko. Una viazi chini vya kuhifadhi maji, hivyo ukiusahau mwezi hausemi kitu.