Kupanda Niesen kwa miguu, mama apande na treni: siku moja inatosha?

Mmarangu

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa mnaoishi Uswisi, hasa mnaoijua Berner Oberland, ule ukanda wa milima wa jimbo la Bern.

Mama yangu mzazi yuko kwangu hapa Bern, amekuja kumwona mjukuu. Ana miaka 67, ana presha ila dawa anameza bila kukosa. Magoti ndiyo yanamsumbua. Tangu tulipopita Spiez akauona ule mlima uliochongoka kama piramidi, Niesen, sina raha. "Na ule watu wanapanda?" Nikamjibu wanapanda, na treni inapanda pia. Basi, kila siku naulizwa tunaenda lini.

Nimewaza hivi: mimi na shemeji tupande kwa miguu kutoka Mülenen, mama na mdogo wangu wapande funikula, ile treni inayovutwa na kebo. Tukutane juu, tule, tushuke wote. Iwe Jumamosi moja ya mwezi wa saba.

Je, kwa mtu anayefanya mazoezi ya kawaida inawezekana? Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu kule Kilimanjaro, niliwahi kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, sikufa. Halafu shemeji anasema afadhali tupande na treni tushuke kwa miguu, eti kushuka ni kuteleza tu. Na mama je, na presha yake?

Babu_wa_Thun

Shemeji aambiwe kwa heshima kwamba hajui anachosema.

Mülenen iko kama mita 690 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Niesen ni mita 2,362. Hapo kuna karibu mita 1,670 za kupanda. Kutoka geti la Marangu hadi Mandara ni mita mia nane na kitu tu. Kwa hiyo Niesen ni Mandara mbili kwa mpigo, ingawa kilele chenyewe kiko chini kuliko Mandara! Hewa haitakusumbua, mapaja ndiyo yatakayolia.

Sasa fikiria mita zote hizo unazishuka. Kupanda unachoka, unapumzika, unaendelea. Kushuka goti linapigwa kila hatua, na ukifika robo ya mwisho miguu inatetemeka yenyewe, hapo ndipo watu wanajikwaa. Pandeni kwa miguu, mkifika juu mkate tiketi ya kushuka tu. Halbtax yako, ile kadi ya nusu nauli, usiisahau nyumbani.

Kijiko_cha_Chai

Mkuu, si kuna ngazi pembeni ya reli? Nimesoma ndiyo ndefu kuliko zote duniani. Pandeni hizo mkapige picha.

Babu_wa_Thun

@Kijiko_cha_Chai zipo, vidato 11,674, lakini ni za mafundi wa reli. Mtu wa kawaida haruhusiwi. Hufunguliwa kwa ajili ya mbio za mara moja kwa mwaka, na wanaokimbia pale ni watu wa shughuli hiyo. Usimtie mwenzio matatani.

NesiWaZamu

Dada, kwanza shikamoo kwa mama.

Presha iliyodhibitiwa na urefu wa mita elfu mbili na kidogo kwa kawaida haviwi ugomvi, tena mama ametoka Marangu, si mtu wa pwani. Ila mimi simjui wala sijaona vipimo vyake, kwa hiyo mpigie daktari wake kabla ya kukata tiketi. Kama kati ya dawa zake kuna ile ya kukojoza, muulize hasa kuhusu jua na maji. Dawa zikae kwenye mkoba wake mwenyewe, zisiwe kwenye begi lako wewe uliyeko porini. Masikio yataziba, maana treni inapanda mita zaidi ya elfu moja na mia sita kwa nusu saa hivi. Mdogo wako ampe pipi amumunye.

Na sweta! Huku chini mnatoka jasho, kule juu upepo unapiga.

Tembo_Mpole

Niongezee kuhusu hiyo treni, maana wazazi wetu wakishtuka mnaharibu siku nzima. Imeanza kazi mwaka 1910, na mwinuko wake unafika asilimia 68. Mama aelezwe mapema. Behewa limejengwa kwa ngazi, kila chumba kiko juu kidogo ya kingine, kwa hiyo ukikaa uko wima kabisa hata kama reli imesimama kama ukuta. Mabehewa ni mawili kwenye kebo moja. Moja likipanda lingine linashuka, uzito wa hili unasaidia kulivuta lile, na katikati reli inagawanyika yapishane. Mama yangu mkubwa alipoona behewa lingine linakuja usoni alishika rozari. Likapita pembeni, akacheka hadi Schwandegg.

Schwandegg ndipo mnabadilisha treni, maana njia ina vipande viwili, kila kimoja na kebo yake. Iko mita 1,669. Na hapo ndipo penye akiba yako, Mmarangu. Mkifika Schwandegg mmechoka au mawingu yameanza kujikusanya, ingieni kwenye treni mmalizie. Hakuna atakayewacheka.

Babu_wa_Thun

Tembo kasema jambo la maana. Mwezi wa saba radi hupenda kuja mchana, na ubavu wa juu wa Niesen ni majani matupu, hakuna pa kujificha. Muwe mmeanza kutembea saa 1 asubuhi. Upande wa Mülenen unatazama mashariki, jua linawachoma tangu mapema, kwa hiyo maji lita mbili kila mtu na kofia. Vibao vya njano vinaandika muda wa kutembea tu, bila mapumziko. Vikisema saa tano, nyinyi wekeni sita. Fuateni alama nyeupe-nyekundu-nyeupe, hiyo ni njia ya mlimani, viatu viwe vya kukanyagia mawe. Namba ya helikopta ya uokoaji, Rega, ni 1414, muwe nayo kwenye simu.

Na ng'ombe wenye ndama msipite katikati yao. Najua umekulia zizini, lakini wale hawalijui hilo.

Mmarangu

Nimecheka kwa sauti hapo kwa ng'ombe 😂 Asanteni sana wakuu. Shemeji nimemsomea yote, sasa anasema alikuwa anatania.

Kwa hiyo sisi tunatoka Mülenen saa 1, mama na mdogo wangu wapande treni ya saa 5 hivi. Daktari nampigia Jumatatu. Swali la mwisho: mama akishuka kituo cha juu ana mwendo mrefu? Na je, ataona theluji? Hilo ndilo kubwa kwake, maana Kibo anaiona akiwa uani kwake.

Tembo_Mpole

Kituo kiko mita 2,336, hoteli ya Niesen Kulm iko jirani tu na ina baraza. Kileleni ni dakika chache za mwendo wa taratibu, akitaka. Theluji ataiona ya kutosha: vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau vimejipanga upande mmoja, na chini ya Niesen kuna ziwa la Thun. Ila asubuhi hiyo fungua kwanza kamera ya mtandaoni ya kileleni. Ukikuta ukungu mtupu, ahirisheni hadi Jumamosi nyingine, maana nauli si ndogo ya kwenda kutazama wingu.

Babu_wa_Thun

Na kabla hamjaagiza chakula, angalieni treni ya mwisho ya kushuka ni saa ngapi. Mzee na magoti yake asije akaambiwa atembee.